Vichekesho vya runinga vya kaskazini mwa Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekua akimtazama Mr Bean na Mind Your Language, kisha siku moja akakutana na wazee watatu wa Yorkshire wakiteremka mlima ndani ya beseni la kuogea, chumba kizima kikicheka isipokuwa yeye. Majibu ni ya shabiki, kwa hiyo yana upendeleo.

Kaskazini ni wapi hasa?

Kwa shughuli yetu ni Lancashire, Yorkshire, Cheshire, Cumbria, Durham na Northumberland, pamoja na miji mikubwa ya Manchester, Liverpool, Leeds, Sheffield, Hull na Newcastle. Uskoti haimo, ina vichekesho vyake na haipendi kuchanganywa. Birmingham ni ya katikati, ingawa mtu wa London akishavuka vitongoji vyake huona kote huko ni kaskazini tu.

Mr Bean naye ni mtu wa kaskazini?

Mwigizaji ndiyo, mhusika hapana. Rowan Atkinson alizaliwa mwaka 1955 Consett, kaunti ya Durham, mji uliokuwa ukiishi kwa kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa 1980. Alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Newcastle kabla ya kwenda Oxford. Lakini alikuwa mtoto wa mwenye shamba, akapitia shule za kulipia, na sauti yake haina hata chembe ya Durham. Bean mwenyewe amepanga London.

Zilitengenezwa sehemu 15 tu, kati ya 1990 na 1995, na zikafika mpaka kwenye vibanda vya video vya kwetu kwa sababu Bean haongei. Vichekesho vya kaskazini kwa kawaida viko kinyume kabisa: watu wamekaa mahali pamoja, hawatoki, na wanaongea. Zima sauti ya The Royle Family uone. Utabaki na familia imejazana kwenye sofa. Ndiyo maana Bean alizunguka dunia na mchekeshaji Les Dawson akabaki nyumbani.

Na kama ni vya kimya, huko walishatoa mwingine zamani. Stan Laurel, yule mwembamba anayelia kwenye Laurel na Hardy, alizaliwa Ulverston mwaka 1890. Alivuka bahari kwenda Marekani mwaka 1910 na kundi la Fred Karno, akiwa mwigizaji wa akiba wa kijana mmoja aitwaye Charlie Chaplin.

Kwa nini wachekeshaji wengi hivyo watoke sehemu hiyo?

Wenyeji watakwambia wamezaliwa wacheshi. Siamini. Ninayoweza kuyashika ni mambo matatu: kazi yao, likizo yao na mahali walipokunywa bia.

Kazi kwanza. Lancashire ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba. Baadhi ya pamba hiyo ilitoka Uganda, na vitambaa vya Manchester viliuzwa hadi kwenye maduka ya pwani yetu, kwa hiyo hii si hadithi ya mbali sana. Mitambo ya kufumia ilipiga kelele kiasi kwamba wanawake walioihudumia walijifunza kusomana midomo. Waliongea kwa kutanua kinywa bila kutoa sauti, na wakaenda na tabia hiyo nyumbani, hasa mazungumzo yalipofikia mambo ambayo watoto na wanaume hawakupaswa kuyasikia: mimba ya fulani, upasuaji wa tumbo la uzazi, mume wa jirani. Norman Evans wa Rochdale akaufanya mtindo huo kuwa mchezo wa jukwaani: mwanamume aliyevaa kama mama wa mtaani, ameegemea ukuta wa uani, anamsengenya kila mtu kwa jirani asiyeonekana.

Miaka baadaye Les Dawson wa Manchester na Roy Barraclough wa Preston walimrithi kwa adabu zote, wakawa Cissie na Ada. Ada anasimulia maradhi ya mtu. Akikaribia neno zito sauti inakatika, midomo inaendelea, na mkono unapandisha matiti ya bandia yaliyoshuka. Mtazamaji wa London alicheka kwa sababu ya matiti. Bibi wa Oldham alicheka kwa sababu alikuwa akimwona dada yake. Kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu wote, tafuta hao wawili.

Likizo nayo ilikuwa na utaratibu wake. Kila mji wa viwanda ulizima mitambo juma moja la kiangazi, na karibu mji mzima ukapanda treni kwenda pwani, Blackpool hasa. Juma hili Oldham, juma lijalo Bolton. Mchekeshaji aliyepata kazi ya msimu kwenye gati la Blackpool aliletewa watazamaji wapya kila juma bila yeye kusogea hatua, na aliurudia mchezo ule ule mpaka kila pumzi ikapata mahali pake. Eric Morecambe, ambaye jina lake halisi ni John Eric Bartholomew, alijiita kwa jina la mji wake wa pwani. Mwenzake wa jukwaani, Ernie Wise, alitoka upande wa Leeds. Wanaosema kwamba hawa wawili walikuwa bora kuliko wote Uingereza nzima huwa siwapingi.

Halafu bia. Mwaka 1862 mchungaji Henry Solly alianzisha umoja wa klabu za wafanyakazi. Alitaka watu wapate mahali pa kusoma na kuzungumza bila pombe. Pombe ilishinda mapema. Kufikia miaka ya 1960 kila mtaa wa wachimba makaa na wafuma nguo ulikuwa na klabu yake, yenye bingo, mwimbaji, na mchekeshaji aliyesimama mbele ya watu waliochoka, wanaomfahamu baba yake, na wasiomwonea haya kumwambia ashuke. Batley, mji mdogo wa viwanda vya sufu, ulikuwa na ukumbi uliomleta Louis Armstrong mwaka 1968. Aliyeokoka katika kumbi hizo hakuogopa kamera.

Runinga ilikuja juu ya msingi huo. Televisheni ya biashara ilipoanza Uingereza iligawanywa kwa mikoa, na kampuni ya Granada ikaanza kurusha kutoka Manchester tarehe 3 Mei 1956. Yorkshire Television ikafuata Leeds mwaka 1968. Mtu wa kaskazini aliweza kuonekana na nchi nzima bila kuhamia London na kunyoosha ulimi.

Nianze na kipi?

Inategemea unachekeshwa na nini. Kama unapenda mazungumzo ya akina mama kazini, dinnerladies. Kama umewahi kuishi nyumba moja na mjomba asiyenyanyuka kwenye kiti, The Royle Family. Kama unataka kitu chepesi cha kutazama na wazazi, Open All Hours. The League of Gentlemen usianze nayo, hata kama rafiki yako amekusihi.

Jina la Roy Clarke liko kila mahali. Ni nani?

Ni mwandishi. Alizaliwa mwaka 1930 Austerfield, karibu na Doncaster, akawa mwalimu, polisi na dereva wa teksi kabla ya kuishi kwa kalamu, na nadhani udereva na upolisi ndivyo vilivyomfundisha watu husema nini wanapodhani hawasikilizwi. Ameandika vipindi vitatu ambavyo vingetosha kuwapa jina waandishi watatu: Last of the Summer Wine, Open All Hours na Keeping Up Appearances.

Open All Hours ndicho rahisi kwetu kukielewa, kwa sababu Arkwright tunamjua: ni Mangi wa Doncaster. Duka dogo la kona, limefunguliwa kabla ya jua na linafungwa baada ya watu kulala, na hakuna mteja anayetoka na kile alichokifuata peke yake. Droo ya pesa hujifunga kwa nguvu kama mtego, na Arkwright huogopa kupoteza vidole. Mpwa wake Granville amefungwa aproni, anaota wanawake na miji ya mbali, na haendi popote. Ng'ambo ya barabara anaishi muuguzi Gladys Emmanuel, ambaye Arkwright amemtamani miaka yote bila kufika mbali zaidi ya mlango wa gari lake dogo. Kipande cha majaribio kilirushwa 1973, kipindi chenyewe kikaanza 1976 na kufikia tamati 1985. Mwaka 2013 kilirudi kwa jina la Still Open All Hours, na Granville sasa ndiye mwenye duka, mchoyo vilevile. Sehemu inayozeeka vibaya ni kigugumizi cha Arkwright kufanywa cha kuchekesha. Ronnie Barker, aliyemwigiza, alikuwa fundi kiasi kwamba mara nyingi unasahau, lakini si mara zote.

Wazee watatu wanazurura tu milimani. Imekuwaje Last of the Summer Wine ikadumu miaka 37?

Kuanzia Januari 1973 hadi Agosti 2010, misimu 31, sehemu 295. Ukiacha vya katuni, hutajwa kuwa kichekesho cha hali (sitcom) kilichodumu kuliko vyote duniani. Wazee hawana kazi, hawana wake wa kuwadai, na wana bonde zima la Holmfirth la kuchezea.

Misimu ya mwanzo ni tofauti sana na ile watu wanayoikumbuka. Ni mazungumzo matupu, makali kidogo, ya wanaume watatu waliosukumwa nje ya maisha ya kazi: Compo mchafu mwenye viatu vya mpira, Clegg mjane mwenye falsafa, na Blamire anayejiona wa tabaka la juu. Baadaye Blamire akaondoka, akaja Foggy, askari wa zamani mwenye mipango mikubwa, na ndipo mabeseni, baiskeli za kubuni na miteremko vikachukua nafasi. Watazamaji waliongezeka. Mimi bado nachagua ile ya mwanzo.

Usiwadharau wanawake wa kipindi hiki. Nora Batty, mwenye soksi zilizojikunja na ufagio mkononi, ndiye anayeiweka Holmfirth mahali pake. Kathy Staff aliyemwigiza alikuwa wa Dukinfield, karibu kabisa na Manchester.

Peter Sallis, aliyekuwa Clegg, ndiye pekee aliyetokea katika kila sehemu. Bill Owen, yule Compo, alifariki mwaka 1999 na akazikwa Upperthong, juu ya Holmfirth, kwa matakwa yake. Sallis alifariki 2017, akazikwa kando yake. Wote wawili walizaliwa upande wa London.

Subiri. Kwa hiyo waigizaji wenyewe si wa kaskazini?

Wengi sio, na hili huwashangaza watu. Barker alizaliwa Bedford, David Jason, yule Granville, ni wa London. Hata Wallace, yule mvumbuzi wa udongo anayependa jibini pamoja na mbwa wake Gromit, ambaye ni wa Lancashire kuliko Lancashire yenyewe, sauti yake ilikuwa ya huyo huyo Peter Sallis. Aliyembuni, Nick Park, ndiye mtu wa Preston, na amewahi kueleza kwamba namna Sallis alivyolitanua neno la jibini ndiyo iliyompa Wallace kinywa kile kipana.

Miaka ya 1970 lilikuwa jambo la kawaida: ukaskazini ulikuwa vazi ambalo mwigizaji mzuri angeweza kulivaa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hali ilibadilika, na wenyeji wakaanza kuandika na kuigiza wenyewe. Tofauti inasikika. Arkwright anachekesha kwa jinsi alivyo. Jim Royle, baba wa The Royle Family, anachekesha kwa sababu mwandishi amekaa naye sebuleni.

Hyacinth Bucket ni mtu wa kaskazini?

Patricia Routledge, aliyemwigiza Hyacinth kwenye Keeping Up Appearances, alikuwa wa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, na alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 96. Clive Swift, mume wake wa kwenye kipindi, alizaliwa Liverpool. Lakini mitaa unayoiona iko Coventry na kijiji cha Binley Woods, Warwickshire, ambako ni katikati ya nchi. Mji wenyewe haukutajwa kamwe.

Keeping Up Appearances, iliyorushwa 1990 hadi 1995, imeuzwa nje ya Uingereza kuliko karibu kipindi kingine chochote cha BBC. Hakuna ajabu. Mwanamke anayeficha ndugu zake maskini, anayejibu simu kana kwamba ni ikulu, na anayelazimisha jina lake la ukoo litamkwe Kifaransa, hahitaji tafsiri Mombasa wala Muscat. Onslow, shemeji anayekunywa bia kitandani akiwa na fulana, aliigizwa na Geoffrey Hughes. Utamwona tena kama Twiggy kwenye The Royle Family, akiuza nguo ambazo hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

The Royle Family: mbona hakuna kinachotokea?

Kwa sababu waandishi walikataa kitokee. Caroline Aherne alikulia Wythenshawe, mtaa mkubwa wa nyumba za halmashauri kusini mwa Manchester. Yeye, Craig Cash na Henry Normal waliketi wakaandika familia inayotazama runinga, na mwaka 1998 runinga ikawaonyesha watu wanaoitazama. Hakuna kicheko cha watazamaji wa studio. Kamera inakaa sebuleni, mara chache inaenda jikoni. Mtu anaulizwa amekula nini, anajibu, na jibu linajadiliwa kwa dakika mbili. Bili ya simu inafika na baba anawaka.

Ukitazama haraka utaona uvivu na majivu ya sigara. Tazama tena. Baba, Jim, anaapa na kutukana kila kitu kilichomo kwenye skrini, na kila tusi lake linaishia na makalio, lakini siku binti yake Denise anaposhikwa na uchungu wa uzazi bafuni, ni yeye anayekaa naye sakafuni. Mwanawe Antony anatumwa kama mtumishi kila dakika na hakuna anayesema asante, na kila mtu anampenda. Liz Smith, mama mkwe anayeitwa Nana, anaweza kula, kulalamika na kuibua kilio ndani ya sentensi moja. Sehemu maalumu ya 2006 inahusu kifo cha Nana. Usiitazame ukiwa na wageni.

Ricky Tomlinson, yule Jim, alikuwa fundi wa lipu kabla ya kuigiza. Mwaka 1973 alifungwa kwa sababu ya mgomo wa wajenzi wa mwaka uliotangulia, akatumikia kifungo chake, na hukumu ile ikaja kufutwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, zaidi ya miaka 47 baadaye. Akiwa amekaa kwenye kile kiti akiilaani serikali, hajatafuta mbali.

Aherne alifariki 2016 akiwa na miaka 52. Kabla ya kumwigiza Denise alikuwa amejulikana kama Mrs Merton, bibi mpole anayehoji watu maarufu huku akiwachinja taratibu. Swali lake kwa Debbie McGee, mke wa mwanamazingaombwe Paul Daniels, lilimtaka aseme ni kitu gani kilichomvutia kwanza kwa huyo milionea. Bado linarudiwa mpaka leo.

Na Victoria Wood?

Anastahili ukurasa wake. Alizaliwa Prestwich 1953, akakulia Bury, akaanza kwa piano na nyimbo alizozitunga mwenyewe wakati jukwaa la vichekesho lilikuwa la wanaume karibu wote. dinnerladies, ya 1998 hadi 2000, ina sehemu 16 tu, zote zake, zote ndani ya kanteni ya kiwanda kimoja cha Manchester. Hatutoki nje hata mara moja. Mkate wa kuchoma unakwisha, mashine ya kuukata inaharibika, mtu anaumwa, mtu anapenda, na meneja anashindwa kuamua.

Kipaji chake kilikuwa mpangilio wa maneno. Wahusika wake hawasemi biskuti. Wanataja biskuti ya aina fulani, iliyonunuliwa duka fulani, siku ya kikao cha kanisa. Kila sentensi ina mahali pake pa kugeukia. Alirekodi kila sehemu mara mbili ili aweze kurekebisha mistari katikati, na waigizaji walijua kwamba kubadilisha hata kiunganishi ni kosa. Anne Reid na Thelma Barlow, Jean na Dolly wanaochomana kwa upole siku nzima, ni darasa tosha. Humo pia alianza Maxine Peake wa Bolton, na Shobna Gulati wa Oldham, ambaye Anita wake ndiye mwenye roho safi kuliko wote. Wood alifariki Aprili 2016, miezi michache kabla ya Aherne. Ulikuwa mwaka mbaya kwa Manchester.

Kile cha mechi ambayo hawataki kusikia matokeo yake ni kipi?

Whatever Happened to the Likely Lads?, ya 1973 na 1974. Bob na Terry wa Newcastle wanajitahidi kupita siku nzima bila kujua England imefanya nini dhidi ya Bulgaria, ili waitazame usiku. Mwenye kundi la WhatsApp la mpira atawahurumia. Chini ya utani huo kuna jambo la ndani zaidi: Bob anaoa, ananunua nyumba mpya, anapanda tabaka, Terry amerudi kutoka jeshini na kukuta mitaa yao imevunjwa. Kipindi cha kwanza kilichowatambulisha, The Likely Lads cha 1964 hadi 1966, kimepoteza sehemu nyingi kwa sababu BBC ilifuta kanda ili izitumie tena.

Watu weusi wako wapi katika haya yote?

Wapo, na historia yake haipendezi kila mahali.

Charlie Williams alizaliwa Royston, karibu na Barnsley, mwaka 1927, baba yake akiwa mtu wa Barbados. Alishuka mgodini akiwa na miaka 14, akacheza kandanda la kulipwa Doncaster Rovers kama beki, kisha akapanda jukwaa la klabu. The Comedians ya Granada ilipomwonyesha 1971, nchi ilipigwa na butwaa kwa mtu mweusi mwenye lafudhi nzito ya Yorkshire anayewaita wote maua yake wazee. Mtu akimpigia kelele ukumbini alimtisha kwamba atahamia nyumba ya jirani yake. Vizazi vilivyofuata vilimlaumu kwa kuifanya rangi yake kuwa mzaha wa weupe. Lawama hiyo ina haki yake, lakini ukumbuke alisimama mbele ya nani, na kwamba kipindi hicho hicho kilimpa nafasi Bernard Manning wa Manchester, ambaye utani wake kuhusu weusi na Waasia ulikuwa sumu tupu. Manning hajafika kwenye orodha yangu.

Rising Damp ya Yorkshire Television, 1974 hadi 1978, ni ya aina nyingine. Rigsby, mwenye nyumba chafu ya kupangisha vyumba, ni mbaguzi, mbahili na mpweke. Leonard Rossiter wa Liverpool alimwigiza kwa kasi ya mtu aliyekunywa kahawa kumi. Mpangaji wake Philip anasema ni mwana wa chifu wa Kiafrika, mwenye wake kadhaa wanaomsubiri, na Rigsby anaamini yote: anamdharau na kumwonea wivu kwa pumzi moja. Philip ndiye aliyesoma, aliyevaa vizuri, na anayependwa na mpangaji mwenzake, Miss Jones. Mwandishi, Eric Chappell, alilitoa wazo hilo kwenye habari ya gazeti kuhusu mtu mweusi aliyekaa hotelini akijifanya mwana wa mfalme wa Afrika. Katika filamu ya 1980 Philip anakiri kwamba ametoka Croydon. Don Warrington, aliyemwigiza, alizaliwa Trinidad na kukulia Newcastle. Mzaha unamwangukia Rigsby karibu kila mara, ingawa maneno anayotumia yatakukwaruza.

Na The League of Gentlemen, ambayo Netflix iliiondoa mwaka 2020 kwa sababu ya mhusika aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Waandishi wake walisema alikuwa wa kutisha tu, wa sarakasi. Mtazamaji mweusi ana haki ya kutoshawishika.

The League of Gentlemen ni kichekesho au sinema ya kutisha?

Vyote. Vijana wanne wa kaskazini, watatu kati yao waliofahamiana chuo cha Bretton Hall karibu na Wakefield, walibuni mji uitwao Royston Vasey, ambako wenye duka huwachukia wageni kiasi cha kuwaua. Ilipigwa picha Hadfield, Derbyshire. Jina la mji ni jina halisi la mchekeshaji mmoja mchafu wa mdomo, Roy Chubby Brown.

Peter Kay ni maarufu kiasi gani?

Ziara yake ya 2010 na 2011 iliuza zaidi ya tiketi milioni moja. Ni kijana wa Bolton aliyepitia kiwanda cha karatasi za chooni na ukumbi wa bingo kabla ya jukwaa. Phoenix Nights, 2001 na 2002, ni wasifu wa zile klabu za wafanyakazi wakati zinakata roho: Brian Potter, meneja mchoyo kwenye kiti cha magurudumu, anajaribu kila hila kujaza ukumbi ambao mji umeshauhama. Waliirekodi kwenye klabu ya kweli, Farnworth. Miaka michache baadaye marufuku ya sigara ya 2007 na bia ya bei ya chini ya supamaketi vikazifunga nyingi zilizobaki.

Kuna kinachohusu ukosefu wa kazi?

Karibu vyote, kwa mlango wa nyuma. Kinachosema wazi ni Bread ya Carla Lane, Liverpool, 1986 hadi 1991. Familia ya Boswell inaishi kwa posho ya serikali na ujanja. Wakati wa chakula mama anaweka mezani kuku wa kauri, na kila mwana anatumbukiza ndani mapato ya siku. Watu wengi wa Liverpool walikichukia kwa kuwaonyesha kama wajanja wa posho. Mamilioni ya wengine hawakukosa hata sehemu moja.

Coronation Street ni kichekesho?

Hapana, ni tamthilia ya mtaa, tangu Desemba 1960. Lakini waandishi na waigizaji wa vichekesho vingi hapa walipita huko, na mabishano yake ya baa yanachekesha kuliko vipindi vingi vinavyojiita vichekesho.

Kiingereza changu ni cha shule. Nitaelewa?

Mwanzoni hapana. Washa maandishi ya chini bila aibu. Waingereza wa kusini nao huyawasha. Liverpool hupanda na kushuka kama wimbo, Newcastle ni karibu lugha nyingine, Yorkshire humeza maneno madogo. Ukisikia mtu anasema "our Denise", ni wa familia. Ukiitwa "love" na muuza tiketi, hajakutongoza. Anza na dinnerladies, ambayo kila mtu humo hutamka vizuri, halafu Royle. Newcastle iwe ya mwisho.

Naweza kuvitazama na watoto?

Wallace na Gromit, Open All Hours na Last of the Summer Wine, ndiyo. Royle ina matusi mengi ya ndani ya nyumba. The League of Gentlemen, walale kwanza.

Mbona sehemu ni chache hivi?

Kwa sababu Uingereza kwa kawaida huandika mtu mmoja au wawili, wakati Marekani huweka chumba kizima cha waandishi. Sehemu sita zikiisha, mwandishi amechoka. Phoenix Nights ina 12 jumla. Roy Clarke peke yake ndiye aliyeandika kama mtu asiyelala.

Nipo Uingereza. Naweza kwenda kuona sehemu hizo?

Unaweza, na ni safari za bei nafuu. Holmfirth haina reli. Shuka Huddersfield upande basi, na mgahawa wa Sid unaouona kwenye kipindi bado upo. Duka la Arkwright lilikuwa saluni ya nywele Lister Avenue, Balby, Doncaster, kwa hiyo usitegemee kukuta siagi. Eric Morecambe amesimama kwa shaba ufukweni mwa Morecambe tangu 1999, mguu mmoja juu, na foleni ya wanaotaka kupiga picha wakiwa wameiga mguu huo haikosekani siku ya jua. Victoria Wood ana sanamu Bury tangu 2019. Ulverston wana makumbusho ya Laurel na Hardy. Hadfield ndiyo rahisi kuliko zote: panda treni Manchester Piccadilly mpaka mwisho wa njia. Ukiingia dukani, salimia, nunua kitu, na usiigize sauti za wahusika. Wameshazisikia.